Ufunguo wa Chumba cha Trei

Jumanne, tarehe kumi na saba, saa moja na nusu asubuhi, mke wangu alisimama mbele ya mlango wa chumba cha trei akawaambia wakubwa wa kiwanda kwamba amepoteza ufunguo.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Rudieni kusoma hapo. Wiki tano nimewaandikia hapa gazetini habari za msiba wangu, na wiki zote tano nimeuruka mstari huo. Mmenitumia barua za pole. Mama mmoja muuza vitambaa ameandika kwamba kila akinisoma analia. Mama, subiri umalize ya leo. Huenda ukataka urudishiwe machozi yako.

Kwa anayeanza leo: mimi ni msukuma toroli katika kiwanda cha juisi. Shule niliishia darasa la nne, toroli nimeanza miaka kumi na tisa iliyopita. Wananiita Maganda, kwa sababu ndicho ninachobeba. Mke wangu alifanya kazi chumba cha trei, huko huko maganda yangu yanakokwenda. Yeye walimwita Pua. Amefariki.

Ukutani, kando ya mashine ya kugonga kadi, wakubwa wakabandika tangazo: ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi aliyepoteza ufunguo. Nililichana mara mbili. Mara ya tatu wakaliweka nyuma ya kioo. Tangu hapo ninataka kitu kimoja tu duniani, tangazo lile litoke. Hilo sikuwadanganya.

Wengi mmeuliza chumba cha trei ni cha nini. Nitasema kwa kifupi.

Machungwa na mananasi yakishakamuliwa hubaki maganda na makapi. Kwetu hayatupwi. Yanasagwa, yanachanganywa na pumba, yanapikwa kwa mvuke, yanapoa, yanatandazwa kwenye trei. Halafu yanapandwa ukungu. Ndiyo, ukungu, ndugu yake ule wa mkate uliosahaulika kabatini. Ukungu ukila maganda unatoa kitu fulani ndani yake. Mtaalamu wetu anakiita kimeng'enya. Sisi tunasema dawa. Trei zikivunwa zinalowekwa, maji yanachujwa, na dawa imo mle. Ukiitia kwenye pipa la juisi nzito kama uji, baada ya muda unaona kidole chako upande wa pili wa glasi.

Siri yote iko kwenye siku. Siku ya nne trei inakuwa nyeupe kama imetandazwa pamba. Hapo unavuna. Ukichelewa inageuka nyeusi, na weusi huo ni mbegu za ukungu, vumbi laini kuliko masizi. Ukiigusa trei, linaruka na kukuingia hadi usikokujua.

Mke wangu hakuhitaji kalenda. Alipita kati ya rafu akinusa. "Hii bado. Hii kesho asubuhi. Hii toeni sasa hivi." Mtaalamu na vipimo vyake vyote alifika kwenye jibu lile lile saa mbili baadaye. Ndiyo maana akaitwa Pua.

Sasa ile Jumapili.

Kiwanda kilifungwa siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu, boila lifanyiwe matengenezo. Lakini trei arobaini zilikuwa zimepandwa Jumatano. Hesabu mwenyewe, siku ya nne inaangukia Jumapili. Mtaalamu akamwambia mke wangu, "Pua, utakuja Jumapili uzivune. Mimi nina harusi ya mdogo wangu."

Funguo zilikuwa mbili. Wa kwake akaondoka nao harusini, kana kwamba angefungulia ukumbi. Wa pili akabaki nao mke wangu.

Hiyo ingekuwa Jumapili ya kumi na nne mfululizo anakwenda kazini. Kumi na nne. Na alikuwa anakohoa tangu mwaka uliopita, kikohozi kikavu kinachomfanya ashike ukuta. Feni ya kutoa vumbi ilikuwa imekufa, barakoa walizopewa ni za kitambaa, zile za kuzuia mate ya mpishi. Nilimwomba Jumamosi.

"Kesho pumzika. Siku moja tu."

"Trei hazijui Jumapili."

"Na mimi je, mimi sijui Jumapili?"

"Wewe unajua kula," akasema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Alipokwenda kuoga nikauchukua ufunguo kwenye mkoba wake. Nikautia kwenye kopo langu la nyembe, juu ya kabati. Hakuwa na shughuli na kopo lile. Nilisema moyoni, wakikosa dawa ya pipa moja hawatakufa.

Tazama maneno niliyoyachagua.

Asubuhi akatafuta. Akapekua mkoba, akainua godoro, akamwaga kapu la nguo chafu.

"Hujauona ufunguo?"

"Ufunguo gani?"

"Ufunguo wa mbinguni. Wa trei, wewe mzee."

"Labda umeusahau kazini."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hilo ndilo lililonitoka kinywani bila hata kukwama.

Alitafuta hadi saa nne. Kisha akaketi mlangoni, akavuta ovaroli yangu iliyochanika goti, akaanza kuishona. Mimi nikaingia jikoni kupika maharage, kumwonyesha kwamba leo yeye ni mgeni rasmi. Yaliungua. Aliinua mfuniko, akanusa.

"Haya yamefika siku ya sita," akasema.

Alipomaliza kushona akaingia chumbani kutafuta kitu cha kukatia uzi. Akakaa kidogo. Alipotoka, uzi ulikuwa umeshakatwa.

"Basi," akasema. "Leo nipo."

Hakutafuta tena. Alikula maharage yale, meusi na yasiyo meusi. Jioni alilala amenilalia begani, redio inasema peke yake. Nilijiona bingwa. Nilijiambia, mtu akitumia akili kidogo nyumba yake inatulia.

Jumatatu usiku nilitaka kuurudisha kwenye mkoba. Lakini alilala nao kichwani kama mto. Asubuhi nikautia mfukoni, nikasema nitamtumbukizia njiani. Njiani alitembea na wanawake wenzake. Nikasema nitamtumbukizia getini. Ndipo tukafika mlangoni.

Mtaalamu alikuwa ameshafika, suti ya harusini bado ina mikunjo. Meneja naye alikuwepo, maana wateja walikuwa wanasubiri.

"Pua, ziko wapi za Jumapili?" Mtaalamu akauliza.

Mke wangu alinitazama mara moja. Mimi niko na toroli langu, hatua tano kutoka pale. Kisha akautazama mlango.

"Sikuja. Nimepoteza ufunguo."

"Umepoteza? Na hukuniambia?"

"Ulikuwa harusini."

Mkono wangu uliingia mfukoni. Nikaushika. Ulikuwa na joto la paja langu. Sentensi moja ilitosha. Wenzangu wangenicheka mwezi mzima, Meneja angenisimamisha wiki mbili, na mke wangu angenikasirikia siku arobaini. Hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo. Aibu ya wiki mbili.

Mtaalamu akafungua kwa ufunguo wake.

Nimebeba uchafu wa kila namna, lakini sijawahi kuona weusi kama ule. Rafu zote. Kama moto umepita na kuacha trei zimesimama.

"Tuzinyunyizie maji kwanza," mke wangu akasema. "Vumbi lilale."

"Maji yatateremsha dawa yote sakafuni," Mtaalamu akajibu. "Bado tunaweza kuokoa nusu. Zitoke kavu hivyo hivyo mpaka kwenye pipa."

"Feni haifanyi kazi."

"Najua haifanyi kazi."

Mke wangu akamtazama Meneja. Meneja akatazama saa yake. "Fanyeni haraka," akasema. "Trei arobaini zisipotee."

Mke wangu alikuwa na wasichana wawili wa kumsaidia. Akawazuia mlangoni kwa mkono. "Ninyi mna watoto wachanga. Pokeeni hapa nje." Akafunga kitambaa puani juu ya barakoa. Aliponipita akanigusa goti la ovaroli, pale aliposhona.

"Usipige magoti ovyo, Maganda. Uzi wenyewe ni mmoja tu."

Akaingia. Trei arobaini, moja moja. Alipotoka na ya mwisho, nyusi zake zilikuwa nyeusi, kope nyeusi, na ulimi alipofungua mdomo kuomba maji ulikuwa mweusi.

Siku ya tatu akashikwa na homa. Siku ya tano nilimbeba hospitali. Daktari, kijana mwenye sauti ya kuchoka, akaniambia mapafu yale yalishakuwa na makovu ya muda mrefu, na vumbi la siku ile moja lilikuwa limeingia kwa wingi kupita kiasi. "Kazi gani anafanya mkeo?" akauliza. Nikamwambia anatunza ukungu. Akaacha kuandika.

Hospitali sikunyoa hata siku moja. Niliogopa kulifungua lile kopo, ingawa ufunguo haukuwemo tena. Mke wangu, mpira wa hewa puani, alikuwa akinitazama na kuniambia kwa sauti ya kipande kipande:

"Nenda ukanyoe."

"Nitanyoa ukitoka."

"Unatisha wagonjwa. Nyembe unazo. Nenda."

Manesi walicheka. Nami nikacheka. Kila siku aliniambia hivyo, mpaka siku ya kumi na moja ambapo hakuniambia kitu.

Mpaka hapo mlikuwa mnajua, ukiondoa ufunguo. Sasa niwaambie ya Ijumaa ile, wiki saba baada ya mazishi.

Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, ni fundi cherehani, anakaa kwake. Alikuja na mkoba wa mama yake. Ndani kulikuwa na daftari la kazi, lile la karatasi themanini lililobanwa pini katikati. Mke wangu aliandika humo kila siku: trei ngapi, siku ya ngapi, harufu gani. Kila siku feni ilipokuwa haifanyi kazi alichora feni ndogo yenye mapanga matatu, akaipiga mstari.

"Zipo mia na tatu, baba. Nimetia uzi mwekundu kila penye feni. Na tazama ukurasa wa kwanza."

Ukurasa wa kwanza mke wangu alikuwa ameandika: feni imekufa, wanawake wanakohoa, naomba itengenezwe. Chini yake kuna neno "Nimeona" na sahihi. Sahihi ya Mtaalamu, na tarehe, miezi saba kabla ya kifo.

Nilimkumbatia binti yangu hadi akalalamika ninamchoma na ndevu.

"Umelisoma lote?"

"Sijaweza. Nimefuata michoro tu. Mwandiko wake, baba. Nikisoma namsikia."

Mimi kusoma najua, lakini kwa mwendo wa toroli lenye gurudumu bovu, na mwandiko wa mke wangu ulikuwa mdogo. Sikulifungua. Nikaomba kikao na Meneja. Nikavaa ovaroli ile ya goti lililoshonwa, nikatia na ufunguo mfukoni. Maana niliapa, siku nitakaposikia feni zikisomwa mbele yao, nami nitasema langu. Nisingeweza kuwadai ukweli wao huku wangu nimeukalia.

Binti yangu hakujua habari za ufunguo.

Ofisi ya Meneja ina zulia. Viatu vyangu vililichafua nikafurahi. Mtaalamu alikuwa amekaa dirishani.

"Mzee Maganda, pole tena," Meneja akasema.

"Pole ulishanipa. Leo nimefuata kingine."

"Tunakusikiliza."

"Sikilizeni binti."

Binti yangu akasimama kama yuko darasani. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma sahihi. Akaenda kwenye uzi mwekundu wa pili, wa tatu, wa kumi. "Feni haifanyi kazi. Feni haifanyi kazi, dada mmoja ametapika. Feni haifanyi kazi, nimemwambia tena. Feni."

Alipofika wa arobaini, Meneja akainua mkono. "Imetosha."

"Bado sitini na tatu," binti yangu akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale nilimwona Mtaalamu hajui aweke wapi mikono yake.

"Bwana Meneja," nikasema, "ufunguo haukuzima feni. Ufunguo haukukataza maji. Lile tangazo lako lina uongo."

"Sikatai kwamba feni ilikuwa mbovu," akasema polepole. "Lakini trei zisingekuwa nyeusi kama zingevunwa siku yake. Marehemu alipoteza ufunguo. Hilo alilisema mwenyewe, mbele yako."

Nikautoa. Nikauweka juu ya meza yake. Ulitoa mlio mdogo kwenye kioo.

"Hakuupoteza. Nilimwibia mimi. Nilitaka akae nyumbani siku moja."

Sikumtazama binti yangu. Nilisikia tu pumzi yake ikikatika, kama mtu aliyejichoma sindano.

Meneja aliuchukua ufunguo, akaugeuza. Akasoma namba yake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Yeye alijua?"

"Hakujua. Alitafuta nyumba nzima."

"Una hakika?"

"Ningejua vipi mke wangu anajua nisijue?" Hata mimi mwenyewe sikuelewa nimesema nini.

"Basi nikuambie, mzee, na Mtaalamu ni shahidi. Kama hakujua ulipo ufunguo, hana kosa. Ni bahati mbaya ya nyumbani, na tangazo nalitoa leo hii kwa mkono wangu. Hata la kumsafisha nitabandika. Lakini kama alijua ulipo, akaziacha trei zigeuke, halafu akatuambia umepotea, basi neno uzembe ni dogo."

"Hakujua," nikarudia.

"Vizuri. Alikuwa anaandika kila siku. Binti, hebu tusomee Jumapili ile."

Nilijisikia mwepesi. Nawaambieni kweli, nilijisikia kama toroli limeisha. Nikamwona kwa macho yangu Meneja akifungua kile kioo.

Binti yangu akafunua. Ilikuwa karatasi ya mwisho ya daftari. Haikuwa na uzi mwekundu, maana haikuwa na mchoro wa feni. Macho yake yakashuka mistari miwili, mitatu. Yakasimama.

Akalifunga daftari.

"Hakuandika kitu," akasema.

"Kitu chochote?" Meneja akauliza.

"Ukurasa mtupu."

Mtaalamu akageuka kutoka dirishani. "Pua asiandike? Miaka sita hajawahi kuruka siku. Hata siku aliyozikwa mama yake aliandika, 'Leo sipo.'" Akanyoosha mkono. "Hebu nione."

Binti yangu alilitia daftari kwenye mkoba, akafunga zipu, akaukumbatia. "Ni la mama," akasema. "Mkilitaka, mtaliomba kwa barua."

"Hatutagombana na yatima," Meneja akasema, kwa ile sauti yake ya kupakwa mafuta. "Jumatatu saa nne. Mje na daftari lenyewe, zima, si nakala. Nikiona feni na nikaona Jumapili, naamua. Msipolileta, tangazo linabaki, na sahihi ya ukurasa wa kwanza mimi sijaiona."

Tukatoka. Tukashika ukumbi ule mrefu. Binti yangu alikuwa mbele, visigino vinagonga sakafu. Akasimama mbele ya kile kioo, chini ya tangazo la mama yake, hakugeuka.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Wiki saba unakula kwangu. Unaniambia wakubwa, wakubwa, wakubwa."

"Na wao, mwanangu. Feni je? Maji je?"

"Na wao. Sijasema si wao." Akafuta pua kwa kiganja. "Unajua nimesoma nini mle ndani?"

"Umesema mtupu."

"Nimesema."

Akafungua zipu. Akatazama huku na huku. Mfagiaji alikuwa mwisho wa ukumbi, anapiga deki bila haraka. Binti yangu akasoma kwa sauti ndogo, na ni kweli aliyosema, nilimsikia mama yake:

"Jumapili. Siku ya nne. Zitakuwa zimeiva, nazisikia mpaka hapa nyumbani. Nimeingia kutafuta wembe nikate uzi. Ufunguo nimeuona. Umelala na nyembe zake. Nimeuacha hapo hapo."

Nilisogea karibu.

"Endelea."

"Hakuna lingine, baba. Nusu ukurasa ni mweupe."

Niliegemea ukuta, chini kidogo ya kioo. Uzi ulikatwa kwa wembe. Mimi niko jikoni nakoroga maharage, najiona bingwa, yeye yuko chumbani amelishika kopo. Halafu akatoka akasema, leo nipo. Halafu Jumanne akasimama mbele ya wakubwa, akanitazama mara moja, akasema amepoteza. Alijua uko wapi. Alijua pia nani anao. Alininyooshea kamba nami nikasimama kama toroli.

Na hospitali. Nenda ukanyoe. Nyembe unazo.

Siku sita aliniambia, na siku sita nilicheka na manesi.

"Tuichane," nikasema. "Karatasi hiyo moja. Hawatajua."

Binti yangu ni mtu wa vitambaa, anajua kitu kimeunganishwa wapi. Akalifungua daftari katikati, penye pini, akanionyesha kwa kucha. Karatasi ya mwisho na karatasi ya kwanza ni karatasi moja iliyokunjwa. Ukiichana ya Jumapili, ya kwanza inatoka nayo. Na ya kwanza ndiyo yenye sahihi ya Mtaalamu.

"Ukimficha mama, unamficha na yule," akasema. "Ukimtoa yule, unamtoa na mama."

"Tuziache zote. Tusije Jumatatu."

"Na hili libaki?" Akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. "Kila siku unagonga kadi chini yake?"

Mfagiaji alikuwa ameshatufikia. Akasukuma tambara lake kuzunguka viatu vyangu, akatusalimu, akapita. Sakafu ikabaki inang'aa, na mahali niliposimama pakabaki pakavu.

Binti yangu hakuwa analia tena. Alikuwa ananitazama kama mafundi wanavyotazama nguo iliyoletwa kurekebishwa, hajui bado kama inafaa kufumuliwa.

"Jumatatu tutaijua Jumatatu," akasema. "Mimi nina swali moja, na usinijibu kwa mambo ya feni. Usiseme wakubwa. Mama alizipenda trei zile kuliko alivyonipenda mimi, nilikuwa nazionea wivu nikiwa mdogo. Alikuwa anazisikia zimeiva. Alijua zikipita siku yake zinakuwa nini, alijua kuliko Mtaalamu. Alijua ni yeye atakayeingia kuzitoa."

"Alijua," nikasema.

"Na ufunguo ameuona kwa macho yake, mchana kweupe, na kiwanda kiko dakika ishirini kwa miguu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi kwa nini aliuacha kwenye kopo?"